Mpwa Wangu Mbele ya Bwana Kazi

Hakuna jambo la dunia hii ambalo lingeweza kunishangaza. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu pale kwenye mashine yangu ya kusaga, Newala, na haki ya kusema nilikuwa nayo. Niliishia darasa la pili, nikaenda kukata mkonge, nikarudi na fedha ndani ya soksi, nikanunua injini ya dizeli kwa mfanyabiashara aliyekuwa anafunga duka. Sikusaidiwa na baba, wala ukoo, wala misheni. Mtu wa kwanza kusaga makopa ya muhogo kwa mashine upande wetu ule ni mimi, muulize yeyote.

Lakini injini ile ilitaka watu wawili kuiwasha. Mmoja anazungusha hendeli kwa nguvu zake zote, mwingine anashikilia kichuma cha juu. Kasi ikishapatikana anakiangusha, ndipo inapoitika. Mke wangu alikuwa ameshaondoka, na watoto wakaenda naye, maana kwetu watoto ni wa upande wa mama. Basi kila asubuhi, mimi mwenye mashine, nasimama barabarani nangoja mpita njia anishikie kichuma.

Ndipo akaja yeye. Ng'ambo ya Ruvuma vita vilikuwa vimepamba moto na watu wanavuka kila siku. Alikuwa mwanamume wa miaka kama thelathini, ana suruali moja na sufuria. Akanipa shikamoo, akataja ukoo wa mama yake. Ulikuwa ukoo wa mama yangu. Kwa desturi yetu hapo hakuna mahojiano tena: mama yake ni dada yangu, yeye ni mpwa wangu, ingawa tangu tuzaliwe hatujaonana.

"Mjomba," akasema, "mkanda wako umelegea. Ndiyo maana inapiga kelele hivyo."

"Mashine umeijua lini, wewe uliyekuja na sufuria?"

"Sufuria ndiyo inayojua. Mimi naifuata tu."

Nikacheka. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo nilicheka lini.

Alikaa miaka mitatu kamili. Alishika kichuma, alifuata maji ya injini bondeni, alikung'uta magunia mpaka nyusi zikawa nyeupe. Alilala stoo ya unga. Tulikula sahani moja. Nguo nilimnunulia msimu wa korosho. Mshahara? Nani anamlipa mpwa wake mshahara?

Miaka ile redio ikaanza kutangaza sheria mpya za kazi. Mwajiri asimfukuze mtu kwa hasira zake. Kuna utaratibu, kuna kima cha chini cha mshahara, kuna notisi, kuna malipo ya kumaliza kazi. Nilizima redio. Nilijua hayo ni ya mashamba makubwa na watu wa Dar es Salaam. Kumbe Bwana Kazi, afisa wa serikali wa kukagua waajiri, kijana msomi kutoka Kilimanjaro, akapanda mpaka kwetu na daftari lake.

"Huyu ni mfanyakazi wako, mzee?"

"Mpwa wangu."

"Analipwa?"

"Anakula."

Akaandika, akaenda zake. Jirani yangu mwenye duka alipewa karatasi ya kulipa. Mimi, bure! Wiki nzima nilijisifu jinsi nilivyoishinda serikali kwa maneno mawili.

Lakini kinamama waliokuwa kwenye foleni ya kusaga walisikia. Mmoja akanipigia kelele mbele ya wenzake, "Hee, baba! Kumbe mashine ishapata mwenyewe, sisi tunakuamkia wewe bure!" Wakacheka. Maana desturi yetu ni hiyo: mali ya mjomba humwendea mpwa. Haukupita mwezi, mama yangu mdogo akaja kutoka Chilangala kwa miguu, amefurahi.

"Umefanya vizuri, mwanangu. Umesema mbele ya serikali. Sasa hata ukifa leo, ukoo unajua mashine ni ya nani."

Nilikuwa sijafa. Na ukoo ule ulikuwa wapi nilipokuwa nakata mkonge? Toka siku ile kila alipofuta injini niliona mtu anafuta mali yake. Siku moja nikamsikia akimwambia mteja, "Mashine yetu haisagi mahindi mabichi." Yetu! Sikula naye siku hiyo.

Nikajiona nina akili kuliko wote. Nitampeleka Masasi, ambako Bwana Kazi alikuwa akikaa siku chache kila mwezi, aandike kwa muhuri kwamba huyu ni mtu wa kuajiriwa tu. Karatasi ya serikali, ukoo utasema nini? Yeye nilimwambia tunakwenda kushughulikia kibali chake cha kukaa nchini. Nauli nikalipa ya wote wawili. Kwenye basi alinimenyea muhogo wa kuchoma, akanipa kipande cha katikati, kisicho na nyuzi.

Ofisini kulikuwa na watu kwenye benchi, wanasikiliza. Nikasimama, nikasema kwa sauti, "Huyu ni mfanyakazi wangu. Andika hivyo, gonga muhuri. Na leo namwachisha."

Bwana Kazi akafungua kurasa za nyuma. "Mzee, uliniambia ni mpwa wako."

"Nilikosea."

Akamgeukia yeye. "Na wewe unasemaje? Ni nani kwako?"

Alinitazama. Angeweza kusema neno moja tu, na mashine ingekuwa yake siku nitakapokufa. Akasema, "Andika anavyosema mjomba."

Bwana Kazi akauliza siku aliyoanza, nikaitaja mwenyewe, kwa fahari, kama shahidi. Akaanza kuandika tarakimu. Mshahara wa miaka mitatu. Notisi. Malipo ya kumaliza kazi.

"Lakini katoka ng'ambo!" nikasema.

"Sheria haijauliza alikotoka. Inauliza kama alifanya kazi. Unamwachisha kwa kosa gani?"

Kosa lake lilikuwa kuzaliwa na dada yangu. Kijana wa watu akashusha kalamu, akasema taratibu, "Mzee, niyafute haya? Mrudi nyumbani?"

Nilitaka kusema futa. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini watu wa kwenye benchi walikuwa wananitazama, na mimi ni mtu wa kutazamwa.

"Usifute."

Ndipo mpwa wangu akasema, "Mjomba, ungeniambia tu niondoke. Ningeondoka."

Bwana Kazi alitaka nilipe kidogo kidogo. Nikakataa, nikauza shamba langu la mikorosho, nikarudi kulipa zote kwa mkupuo. Siku ile ya kwanza, pale nje ya ofisi, aliniaga. "Shikamoo, bwana," akasema. Bwana. Marahaba haikutoka. Alibaki Masasi mpaka fedha zilipofika, akazichukua, akaelekea Ruvuma. Nchi yake imeshapata uhuru sasa. Hajaniletea salamu, wala sijui kama alifika.

Mtu mwingine sikumwajiri. Baadaye watu wakahamishiwa kwenye kijiji cha Ujamaa, kikapata mashine yake, na kinamama wale wakaacha kupita kwangu. Siku mteja akitokea, nafunga kamba kwenye kichuma, nazungusha hendeli kwa mikono miwili na kuvuta kamba kwa meno. Inawaka. Kichwa changu bado kinafanya kazi. Ila ikishawaka nageuka nyuma kusema neno, na hakuna mtu.

Nyinyi wenye kuajiri, mkipenda nisikilizeni, mwandikeni mtu siku ya kwanza. Mimi hesabu yangu naijua kwa moyo. Miezi thelathini na sita kwa shilingi themanini, elfu mbili mia nane na themanini. Notisi, themanini. Malipo ya kumaliza kazi, mia na ishirini. Nauli ya basi siku ile, shilingi tatu kila kichwa, watu wawili kwenda, mmoja kurudi, tisa. Jumla shilingi elfu tatu na themanini na tisa.