Kesi ya Mshona Kofia

Juzi mjukuu wangu wa kike, anayesoma darasa la nane, alinijia sebuleni hapa Al Khoudh na kitabu chake cha shule. Mwalimu kawapa somo la zamani za ukoloni, jinsi wanawake walivyokuwa wakisimamishwa mahakamani kwa uchawi, na kila mtoto amuulize mzee wa kwao kama amewahi kusikia habari hizo.

"Babu, humu kuna mmoja alikubali mwenyewe," akaniambia. "Sasa mtu asiyekuwa mchawi atakubali vipi?"

Nikamwambia chai yangu imepoa, akanitilie nyingine. Wewe nitakueleza, maana yeye sikumweleza yote.

Tulihamia Matrah, mji wa bandari katika nchi hii ya Waarabu, kutoka Unguja baada ya mambo ya mwaka sitini na nne. Mtaa wetu ulikuwa wa nyumba za udongo chini ya jabali jeusi, na jabali lile likishinda juani mchana kutwa, jioni hutupumulia moto. Maji tukiletewa na punda. Mbuzi wakilishwa dagaa wakavu, basi na maziwa yao yakanuka samaki. Bibi yangu akiyatia hiliki, na bado akinywa anakunja uso. Nazi zikija kavu kutoka Bara Hindi, na kila akizikuna alikuwa akizitukana. Lakini chakula kikiiva, lazima sahani moja iende kwa jirani, na sahani ya watu hairudi tupu. Hurudi na vitumbua, au tende, au hata chumvi kidogo iliyofungwa karatasini.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mwanamke wa Pemba, mjane asiye na mtoto, akishona kofia. Kila baada ya alasiri alikaa mlangoni pake, kitambaa cheupe mapajani, na sisi watoto tukigombania kumtungia uzi kwenye sindano kwa sababu macho yake yameanza kumsaliti. Alikuwa na utani mwingi. Nadhani nilimpenda kuliko shangazi zangu.

Hadithi ya kesi tuliipata kwa bibi. Ami yake alikuwa karani wa mahakama kule Unguja, zama za Mwingereza, na siku moja akaletwa mwanamke aliyeshitakiwa kwamba kamroga mtoto wa jirani. Hakimu wa Kizungu akamuuliza kupitia mkalimani mara tatu kama ni kweli, na mara tatu yule mwanamke akajibu, "Ndiyo, ni mie." Mzungu mwenyewe akaweka kalamu chini.

"Kwa nini alikubali, bibi?"

"Wallahi hajui mtu," akasema bibi, akanywa kahawa yake. "Ami yangu kafa nalo."

Kesho yake tukafungua mahakama uani. Nilikuwa na miaka kumi, nikajifanya hakimu wa Kizungu, shuka ya bibi begani na nyuzi za mtende kichwani. Binti ami yangu akawa mkalimani: mie nasema maneno ya puani yasiyo na maana, yeye anayatia Kiswahili. Tatizo, hakuna mtoto aliyetaka kuwa mchawi. Ndipo tukamwendea mshona kofia.

"Bwana hakimu anauliza," akasema binti ami, "unafukia nini nyuma ya nyumba?"

Tulijua sote anafukia nini. Nywele za kitana na kucha, kama wanawake wote wa kwetu, zisije zikaokotwa na mwenye nia mbaya. Bibi alifukia zake karibu na mtungi wa maji.

Akakata uzi kwa meno. "Mwambie nnafukia watoto watundu. Nshapata wawili, nnatafuta wa tatu mwenye kichwa kikubwa kama chake."

"Anauliza, wewe ni mchawi?"

"Ndiyo, ni mie! Haya nifungeni basi, nikapumzike, macho yananiuma!" Akacheka mpaka kofia ikamwanguka miguuni, na sisi tukacheka naye.

Siku chache baadaye mtoto mchanga wa nyumba ya mbele akashikwa na homa, akakataa ziwa. Wanawake wa mtaa wakakusanyika kwetu asubuhi. Mmoja akakumbuka kwamba mshona kofia alimpakata juzi. Mwengine akasema Wapemba wana mambo yao. Binti ami yangu akadakia, "Yeye mwenyewe kakubali. Hakimu huyu hapa, muulizeni."

Wakanigeukia wote. Sikuwahi maishani kusikilizwa hivyo na watu wazima.

"Nilimuuliza kama ni mchawi," nikasema. "Akasema, 'Ndiyo, ni mie.'"

Bibi akanitazama sana. "Hebu wee, sema kweli. Alikuwa akitania?"

Alinifungulia mlango, na mimi sikutoka. Nikasema, "Sijui."

Mtoto alipona siku ya tatu. Nikadhani yamekwisha. Lakini wanawake wakasema kapona kwa sababu kwao wameacha kula chakula cha mshona kofia. Alipotuletea mikate ya kumimina, bibi aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akawamwagia mbuzi. Kisha akaosha sahani, akanipa nikairudishe. Tupu. Mshona kofia akaitazama sahani, akanitazama na mimi. "Bibi hajambo?" akauliza. Nikasema hajambo.

Tukakatazwa kumtungia uzi. Wateja wakapeleka kofia zao kwengine. Kabla ya joto kurudi alihamia kwa jamaa zake Nizwa, na hakuna aliyetoka kumuaga.

Nilimwona mara moja tu tena, mwaka wa sabini, sokoni Matrah, kwa muuza nyuzi. "Bwana hakimu!" akaniita kwa furaha. "Umeshakuwa mwanamume!" Akanipa kibunda cha uzi nimsomee namba. Nilimsomea. Neno lilikuwa mdomoni, na lililotoka ni, "Nna haraka, mama." Baada ya miaka miwili tukasikia kafariki.

Mtaa ule haupo, barabara imepita juu yake. Bibi hayupo, binti ami hayupo, na wanawake wa asubuhi ile wote wametangulia. Sahani siku hizi haziendi kwa jirani. Jirani yangu wa hapa namjua kwa gari lake. Aliyebaki ni yule mtoto wa homa. Ni babu sasa, anakaa Mawaleh, na mamake alimlea kwa hadithi ya mchawi wa Kipemba aliyetaka kumla akiwa mchanga. Ijumaa iliyopita tulikaa sinia moja harusini. Akaieleza tena, vijana wakamsikiliza kwa mshangao, akanigeukia akasema, "Muulizeni mzee huyu, yeye alimsikia."

Nikatikisa kichwa kuafiki, nikaendelea kula.