Kofia ya Masalu Kwenye Kitufe

Masalu aliponiuliza kwa nini niliwasha, alikuwa ameshazikwa. Alisimama nyuma yangu kwenye chumba cha seva, karibu kiasi kwamba baridi yake niliisikia shingoni, akasema kwa ile sauti yake ya taratibu, "Kaka, kofia yangu uliiona. Mbona uliwasha?"

Usinicheke kwanza. Mimi si mlevi, na shule niliiacha darasa la nne, sina ufundi wa kutunga. Mkono wangu wa kulia umeishia kwenye kifundo. Huo nao nimeutunga? Ningekuwa natunga ningejitungia mwisho mzuri. Haya yamenipata hapa hapa Mwanza, mchana, nikiwa na akili zangu timamu, na waliosababisha wanakula na kulala vizuri. Au walikuwa wanalala.

Nilikuwa fundi wa kinu kwenye kiwanda cha barafu, Nyakato. Barafu ile inasagwa, inapakiwa kwenye magari ya samaki na mitumbwi ya wachuuzi. Kinu chenyewe kina mdomo mpana kama mlango, na chini yake kuna meno ya chuma. Mabonge yakikwama, mtu anaingia mle ndani na mtaimbo kuyapasua. Hakuna njia nyingine. Mmoja anaingia, mwenzake anasimama mdomoni amemshika mkanda kwa mikono miwili, maana chuma kikilowa kinateleza kuliko sabuni.

Na kulikuwa na sheria yetu, haikuandikwa popote. Anayeingia anazima kwanza, halafu anavua kofia yake na kuitundika juu ya swichi. Kofia ikiwa pale, hata rais aje, hagusi mtu. Anayeiondoa ni mwenye kichwa chake tu. Nimefanya kazi pale mpaka mvi zikaniota, sijawahi kuona mtu akiivunja sheria ile. Hata Lutema, meneja, akipita na wageni alikuwa anawaonyesha huku akicheka: "Mnaona? Usalama wa Kisukuma huo."

Kumbuka hilo. Lutema aliijua kofia.

Zamani kofia tulikuwa tunaitundika kwenye swichi kubwa ya ukutani. Ukiivuta chini, umeme umekatika, kinu kimekufa. Kisha ikaletwa seva, hiyo kompyuta kubwa, ikawekwa kwenye chumba kidogo pembeni, ikawa ndiyo inayokiamrisha kinu: ikiwaka kinazunguka, ikizimwa kinasimama. Siku moja tukavuta swichi kubwa kama kawaida yetu, seva ikaharibika. Lutema akafoka, akaifungia swichi kwenye wavu wa chuma na kufuli. Akasema, "Kuanzia leo mnazima kwa kitufe cha seva. Kinu bila seva ni chuma tu, hakiwezi kujiwasha."

Sisi tukahamishia kofia kwenye kitufe. Tungefanya nini?

Jambo moja lilinisumbua. Seva ikizimwa, feni zinanyamaza, taa zinazimika zote, ila nyuma, pale kwenye waya, kinabaki kitaa kimoja cha kijani kinakonyeza. Nikamuuliza Lutema, "Bosi, mbona hiki hakilali?" Akanijibu, "Hiyo taa tu. Nenda kazini."

Asubuhi ile ilikuwa zamu yangu na Masalu. Alikuwa kijana wa Usagara, mpole, mtani. Kofia yake ya sufu ya bluu ilikuwa na kiraka chekundu alichoshona mama yake, na tulizoea kumwambia kile kiraka ndicho kinachomfanya aonekane barabarani. Mabonge yakakwama. Masalu akazima, akatundika kofia kwenye kitufe, akaniita niione. Nikaiona. Akaingia. Nikamshika mkanda.

"Kaka, usinibane hivyo, mimi si ng'ombe wa mnada," akasema.

"Kwa tumbo hilo nani atakununua?"

Alikuwa bado anacheka kinu kilipoanza kuzunguka.

Sitaelezea. Nilichofanya ni kutouachia mkanda, ndiyo maana mkono haupo. Nikiwa chini kwenye maji ya barafu, Lutema akaja mbio, simu mkononi imewekwa spika, na nikamsikia Injinia Gervas, yule aliyeifunga seva ile kisha akarudi zake Dar, akiongea kwa furaha kabisa: "Meneja, seva yenu nimeshaiwasha tena kutoka huku. Nani huyo anaizimazima? Nimeletewa ujumbe kwenye simu hata chai sijamaliza."

Lutema akaikata simu. Akanitazama. Alijua nimesikia.

Mazishi yalisubiri ndugu waliotoka Kahama. Nikaomba ruhusa wodini, nikanyimwa, nikatoka na bandeji zangu hivyo hivyo. Kule Usagara nikamwona mama yake Masalu, Mayu Kabula, akiiweka ile kofia ya bluu ndani ya jeneza, karibu na kichwa cha mwanawe. Niliiona kwa macho yangu ikifunikwa. Kisha Lutema akasimama mbele ya watu, akafuta machozi ambayo hayakuwepo, akasema binadamu hukosea, mwenzake alibonyeza kitufe bila kuangalia, na mkono aliupoteza baadaye, alipokimbia kumvuta kwa majuto.

Nikapiga kelele kuwa ni uongo. Nani anamsikiliza mtu mwenye dawa za hospitali kichwani? Seva ijiwashe yenyewe? Nikamsogelea Mayu Kabula, nikapiga goti. "Shikamoo, mayu."

Alinitazama mkono, akanitazama uso, akageuka. Kwetu huku hata mwizi akikuamkia unamwitikia marahaba. Mimi sikuitikiwa. Shikamoo ile mpaka leo iko hewani.

Lutema akanipa kazi ya kukaa getini. Watu wakasema ana huruma. Huruma gani! Alitaka niwe mahali anaponiona.

Baadaye akaja fundi mwanamke wa mjini, Salma, kuikagua seva. Mimi nikamshikia tochi. Nikamwonyesha kile kitaa cha kijani, nikamuuliza kama nilivyomuuliza Lutema. Yeye akanijibu kama mtu anavyomjibu mtu. Akasema ndani ya seva kuna kikompyuta kingine kidogo, kina waya wake wa mtandao na akili yake. Seva ikizimwa, chenyewe hakizimiki. Maadamu plagi iko ukutani, kiko macho. Mwenye neno la siri anaweza kuiwasha seva, kuizima, kuibadilishia mipangilio, hata kuona kioo chake, akiwa Dar, akiwa Ulaya, akiwa kitandani.

"Na huyo aliyeko Dar, kofia anaiona?" nikamuuliza.

"Kofia gani, mzee?"

Nikamwambia. Salma akakaa chini, tochi ikabaki inamulika ukuta.

Sasa nisikilize vizuri.

Ilikuwa Jumapili alasiri, kiwanda kimefungwa, niko peke yangu getini. Mvua ilitoka ziwani ikaja na giza lake. Umeme ukakatika Nyakato nzima, na jenereta ilikuwa imezimwa. Halafu nikasikia feni za seva. Zinavuma kama siku ya kazi. Kwa umeme upi? Nikaenda, nikafungua mlango. Chumba kilikuwa cheusi, kile kitaa cha kijani kinakonyeza nyuma, na juu ya kitufe imetundikwa kofia ya bluu yenye kiraka chekundu. Inachuruzika maji. Maji yenyewe yakifika sakafuni yanaganda.

Kofia niliyoiona ikizikwa.

"Mwangaluka," sauti ikasema nyuma yangu.

Hiyo ni salamu ya asubuhi. Ilikuwa alasiri, saa ambayo Msukuma yeyote angesema mwadila. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwake yeye asubuhi ile haijaisha.

Ndipo akaniuliza lile swali la kofia.

Nikageuka. Alikuwa mzima, niamini, hana jeraha, ila nywele zimejaa chembe za barafu na pumzi yake haitoi moshi ilhali yangu ilikuwa inatoa. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa na hasira! Alinitazama kama mtu aliyeumizwa na ndugu yake.

"Masalu," nikamwambia, "ningewashaje? Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwako." Nikamnyooshea kigutu. "Huu ulikuwa kwenye mkanda wako. Wameniambia hospitali kwamba vidole vilikutwa bado vimeushika."

Akausogelea. Akaugusa kwa kidole. Ile baridi sijui niifananishe na nini.

"Mama anasema ni wewe."

"Mama ameambiwa."

"Basi nani?"

Ungekuwa wewe ungenyamaza? Nilikuwa nimelibeba jina lile kifuani kama kaa la moto, na hakuna aliyetaka kulipokea, si kiwandani wala msibani. Nikalitaja. Injinia Gervas.

"Yuko wapi?"

"Dar."

Akacheka kidogo, kama zamani. "Mtu wa Dar afikishe mkono hapa?"

Nikamwonyesha kile kitaa. "Alipitia hapo. Huko nyuma hakulali kamwe. Ndiyo njia yao."

Masalu akainama, akakitazama muda mrefu, kama mtu anayechungulia tundu la mlango. Akasema, "Kumbe kuna njia." Kisha, "Basi na mimi nitapita hapo hapo."

Feni zikanyamaza. Kitaa kikazimika. Nilipowasha tochi, kitufe kilikuwa kitupu na sakafuni kulikuwa na barafu.

Habari za Gervas nilizipata kwa Salma, maana mafundi wa seva wanajuana. Ana seva nyingi anazoziangalia kwa mbali, huku kanda yetu na huko pwani. Zikaanza kumkataa. Akiiwasha, inazima. Akiiwasha tena, inazima. Akifungua kioo cha seva kule kwake, badala ya maandishi anaona ukungu wa baridi, na katikati kitu cha bluu kinaning'inia. Akabadili maneno ya siri, akachomoa nyaya. Usiku laptopu yake imezimwa, imetolewa betri, feni inavuma, na kuna mtu ndani yake anasema mwangaluka. Gervas si Msukuma. Alimpigia Salma kuuliza hilo neno maana yake nini, naye akamweleza, na habari ya Masalu pia, akamwelekeza kwangu.

Nilifurahi? Ndiyo. Nilikunywa chai yangu siku hiyo mpaka nikaimaliza.

Mwishowe akaja mwenyewe nyumbani kwangu Buhongwa, amekonda, gari lake ameliacha mlango wazi barabarani.

"Shikamoo, mzee. Nakuomba umwambie aniache."

Sikuitikia. Ajue ladha yake. "Nenda Usagara ukamwambie mama yake ni nani aliyewasha."

Akaanza kulia. "Mimi sikujua, mzee! Niliona seva imezima, nikaiwasha, ndiyo kazi yangu! Hakuna aliyewahi kuniambia habari za kofia. Nilimwambia meneja awatangazie wote kwamba naweza kuiwasha nikiwa mbali. Akaniambia ameshawatangazia."

Sisi hatukujua njia ya Gervas. Gervas hakujua kofia ya Masalu. Katika dunia nzima kulikuwa na mtu mmoja tu aliyevijua vyote viwili, na mtu huyo ndiye aliyeifungia swichi kubwa kwa kufuli, ndiye aliyenijibu "hiyo taa tu."

Gervas aliondoka kwangu kuelekea Usagara. Nilivyosikia, alifika njia panda, simu yake ikaita, alikuwa Lutema. Sijui aliambiwa nini. Aligeuza gari. Sasa amerudi Dar, na Salma anasema halali.

Mimi nami sijapona. Mara nyingine kigutu kinapata baridi ghafla, nahisi vidole nisivyokuwa navyo vimeshika mkanda, na ninajua kwamba mahali fulani mtu aliyekaa mbali ameiwasha mashine asiyoiona. Wewe unayesoma, kama kazi yako ni ya kutia mkono kwenye chuma, usiamini kitufe wala neno la bosi. Chomoa plagi, uitie mfukoni, ndipo uingie. Na wewe unayewasha kwa kidole kutoka mbali, piga simu kwanza, uliza kama kuna mtu ndani.

Gervas, deni lako la maneno unalijua. Lakini Lutema, hii ni yako hasa. Mayu Kabula bado yuko hai, macho yake bado yanaona, na barabara ya Usagara ni lami tupu. Nenda ukapige goti pale nilipopiga mimi. Mwambie ulijua kofia, ulijua na njia, ukanyamaza, kisha ukamsingizia aliyemshika mwanawe mpaka mkono ukakatika. Nataka marahaba yangu kutoka kwa mama yule kabla hajafa.

Masalu aliniuliza nani aliwasha, nami nikamjibu hilo tu. Hakuniuliza nani alijua. Atakaponijia tena na mwangaluka yake, nitamtajia bila kuulizwa. Ukitaka kuniwahi, Lutema, ni juu yako: nenda Usagara kabla hajanijia.