Chupa Tupu ya Bwana Mawe

Restituta wa Runazi alikuwa mjane mwenye mizinga mingi ya nyuki na maneno machache. Enzi za Mwingereza, Mzungu mmoja mtafuta madini alipiga hema karibu na shamba lake la mihogo. Watu walimwita Bwana Mawe, maana aliyasaga mawe, akayapika katika tindikali, kisha akakaa kuyatazama.

Asubuhi moja mkalimani wake, Halfani, kijana wa mjini Biharamulo, alikuja kumwita.

"Shikamoo mama. Bwana anataka nta."

"Marahaba. Ya mishumaa?"

"Ya kupaka chupa. Kwa ndani."

Restituta alicheka, lakini alikwenda. Hemani alikuta chupa mbili. Moja ilijaa tindikali, imewekwa chini ovyo. Nyingine ilikuwa tupu, inalindwa na askari mwenye bunduki.

Halfani alieleza kwa uso wa msibani. Ndani ya mawe yale mlikuwa na madini adimu yatoayo mionzi isiyoonekana, machache kuliko punje ya chumvi. Bwana aliyayeyusha, lakini hayakutulia: yaliitoroka tindikali yakang'ang'ania kioo. Alipoihamishia tindikali chupa ya pili, kipimo chake kilionyesha madini yamebaki katika ile ya kwanza.

"Iko tindikali nyingine inayoweza kuyabandua," alisema Halfani, "ila hiyo inakula kioo. Nta haiili."

"Basi hiyo tupu ndiyo iliyojaa?"

"Ndiyo, mama."

"Na hii iliyojaa ndiyo tupu?"

"Usiniulize mara mbili, kichwa kinaniuma."

Restituta aliyeyusha nta, akapaka ndani ya chupa mpya za kuwekea tindikali hiyo, akazianika nje. Harufu ikasambaa. Mara nyuki wakaja, kundi zima, wakaingia chupani, hemani na kwenye kofia ya Bwana. Askari akatupa bunduki, akatimua mbio. Bwana akapunga taulo huku na huku, akaikumba ile chupa tupu, ikavunjika.

Alipiga magoti akalia kama aliyefiwa, nyuki wakimtambaa shingoni. Kisha akaokota vipande vyote, akavifunga kwa pamba. Kesho yake wapagazi walivibeba kwa machela kuelekea Bukoba, Bwana akitembea kwa miguu kando yake.

Jumapili, kanisani, wenzake walimuuliza Restituta Mzungu yule alikuwa akitafuta nini. Akawasimulia yote. Katekista Emilian alikunja uso, akamwagiza akaungame uongo wake. Restituta alikwenda. Kwa kuwa hakuwa amesema uongo wowote, aliungama kwamba Bwana alipolia, yeye alicheka.