Wati Mia na Ishirini za Marehemu Nasma

Mwaka 1992, miezi miwili baada ya kumzika, marehemu mke wangu Nasma alinishika mkono nikiwa natawadha.

Ninaandika haya nikiwa na udhu. Siwezi kudanganya.

Ilikuwa magharibi, kijijini kwetu karibu na Nyamwage. Nilizamisha mkono kwenye pipa la chuma la msikiti. Kitu kikanibana kuanzia vidole hadi kwenye kiwiko, kikanitetemesha, kikaniachia.

"Nasma?" nikaita.

Vyura tu ndio walioitika.

Juu ya pipa lile palikuwa na taa niliyoitoa sadaka kwa ajili ya Nasma. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, bidhaa zimejaa madukani. Haruni mwenye duka alileta jenereta kutoka Dar, akaugawia msikiti umeme. Mimi, Kondo, fundi baiskeli, nikaomba nifunge waya kwa mkono wangu.

Wiki haikuisha, kila mtu alikuwa ameshashikwa. Mzee Mudathiri alitoka mbio na kanzu yake mpaka kwenye migomba.

"Mbona alfajiri hatushikwi?" mmoja aliuliza.

"Wee! Hujui kwamba majini hutoka magharibi?"

Hapo maneno yakamgeukia Bi Semeni, mwosha maiti wetu. Ndiye aliyemwosha Nasma, mwenye taa ile. Wakasema alimwosha harakaharaka, sasa marehemu anadai maji yake.

Ikaamuliwa: Ijumaa baada ya swala arudishwe kwao Salale, na asiguse tena maiti ya mtu.

Mama wa watu! Miaka thelathini alikuwa akituoshea wafu wetu.

Nami nilinyamaza. Kila magharibi nilikuwa wa kwanza pale kwenye pipa. Iliuma, lakini ulikuwa mkono wa Nasma.

Siku hizo nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, nahudhuria masomo ya jioni ya watu wazima. Kabla ya kufungua daftari nilikuwa nasoma dua, maana hesabu zilinitoa jasho.

Alhamisi, tulipomaliza kuswali magharibi, mwalimu wetu wa jioni, Bashiru, alitupeleka sisi wanafunzi wake kwenye banda la jenereta la Haruni, amebeba mita za shule za kupimia umeme.

"Kondo, kazime taa zote za msikiti. Haruni, zima za dukani. Mshale wa mkondo ulale sifuri, ndipo tuanze somo."

Nilizima. Niliporudi, mshale haukuwa umelala.

Volti mia mbili arobaini. Mkondo, nusu ampea.

"Umezima kweli?"

"Wallahi nimezima, mwalimu."

"Haya, piga hesabu."

Nikaandika sakafuni kwa chaki. Volti gawanya kwa ampea: ukinzani ni ohm mia nne themanini. Volti zidisha kwa ampea: wati mia na ishirini.

Haruni akaruka. "Hizo si bulbu mbili za sitini? Nani anayeninywea dizeli gizani?"

Chaki ikanidondoka. "Ni Nasma," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alinishika bega.

"Kondo, maiti hali wati. Twende tufuate waya."

Tuliufuata kwa tochi, mimi na yeye. Ulitupeleka moja kwa moja kwenye pipa.

Pale nilipounganisha nyaya nilikuwa nimezungushia mpira wa tyubu, kama ninavyofunga tairi. Halafu, ili usicheze, niliukaza kwenye mguu wa chuma wa pipa kwa waya mwembamba. Ule waya ulikuwa umekata mpira hadi kwenye shaba.

Swichi ilikuwa mbele ya kiungo hicho, upande wa taa. Taa hata ikizimwa, umeme uliingia kwenye chuma, kwenye maji, kwenye mikono yetu, ukashuka ardhini.

"Nani alifunga hapa?" mwalimu akauliza, na jibu analijua.

Jenereta ilipozimwa alikifungua kiungo, akaninong'oneza: "Ukitaka, hakuna atakayejua."

Nililifikiria hilo usiku kucha juu ya mswala. Pipa likitulia na Bi Semeni akiondoka, watasema limetulia kwa sababu ameondoka. Atakufa akiwa na doa hilo.

Ijumaa baada ya swala, kabla kikao cha kumwondoa Bi Semeni hakijaanza, nilisimama.

"Aliyewashika ni mimi."

Nikawaeleza yote: tyubu, waya, wati mia na ishirini.

Mzee Mudathiri akafoka, "Yaani nimekimbia mbele ya wajukuu zangu kwa sababu ya pancha yako?"

Msikiti ukaangua kicheko. Mimi sikucheka.

Kutoka nyuma ya pazia la wanawake ikaja sauti ya Bi Semeni, taratibu.

"Kondo mwanangu, nilimwosha mara tatu. Maji ya mwisho niliyatia karafuu maiti. Nywele zake nilizisuka mikia mitatu. Hadai kitu. Mwache alale."

Magharibi ile nilitawadha kwenye pipa, taa inawaka juu yangu, kiungo kimefungwa upya na mwalimu.

Maji yalikuwa maji tu.

Nililia hadi maji ya udhu yakachanganyika na machozi.

Sasa lile ambalo sikulisema msikitini. Tangu wiki ya kwanza nilijua kwamba mkono ule hauji mpaka jenereta ingurume. Nilikuwa naisikiliza inavyowashwa, ndipo nakwenda. Nilijifanya sijui, kwa sababu nikijua, Nasma angekufa mara ya pili.

Kwa ajili ya faraja yangu, nusura mama asiye na kosa afukuzwe.

Ndugu msomaji, dua omba, usiache. Lakini kabla hujamtaja mtu kwa ubaya, pima kwanza. Na ukishapima, sema, hata kama mshale unaelekea kwako.

Mwombeeni Nasma. Na Bi Semeni pia, ambaye miaka ya baadaye nilimbebea jeneza.

Aliyemwosha Bi Semeni alirudia mara tatu. Nilihesabu kwa mlio wa maji, nikiwa nje ya pazia.