Vidole Vinne Chini ya Mbavu

Dada yangu alifagia wodi miaka kumi na miwili kabla ya kuingia chuo cha uuguzi. Mtu wa miaka arobaini na moja, anakaa darasani na mabinti wanaomwita mama! Nilimcheka weee. Akanisonya, akaniambia elimu haina mwisho.

Kilichomtoa jasho ni mifumo ya mwili: wa damu, wa mkojo, wa mmeng'enyo wa chakula, na majina yanayovunja ulimi. Akabuni njia yake. Kila jioni alimlaza mumewe, fundi seremala, kifua wazi, akambandika vikaratasi kwa selotepu: figo, wengu, kongosho, ini. Naye shemeji kwa mizaha!

"Shemeji, njoo uone," aliniita. "Dada yako ananiuza vipande vipande kama nyama ya buchani."

Jioni moja dada aliminya chini ya mbavu za kulia, akakunja uso. "Mbona hapa pagumu? Vidole vinne vizima chini ya mbavu." Akafungua kitabu. Kitabu kikasema ini la mtu mzima mwenye afya hujificha nyuma ya mbavu. Akacheka kwa aibu. "Nimekosea tena mimi. Hii itakuwa misuli ya kupiga randa." Akaibandua karatasi ya ini, akaipandisha pale kitabu kilipotaka. Tukacheka wote, wajinga watatu.

Mtihani alifaulu. Swali la ini alipata alama zote.

Baada ya miezi mitano macho ya shemeji yakawa manjano na suruali zikampwaya. Daktari alimpapasa tumbo, akatuita pembeni. Saratani ya ini, na imeshasambaa. "Tungeiona mapema, pengine tungeikata," alisema. Dada hakutoa hata chozi. Mimi ndiye niliyelia, Mungu wangu, nililia mpaka watu wakageuka.

Sasa shemeji yuko kitandani, mifupa mitupu, na kila muuguzi anayepita lazima asimulie. "Mke wangu anasomea kazi yenu. Mwili wangu anaujua wote, hakuna kitu kingempita." Dada humfuta jasho, akaitikia, "Ndiyo, mume wangu."

Juzi dada aliniuliza kama amwambie ukweli wa vile vidole vinne kabla hajafa. Nilimjibu anyamaze. Amenyamaza, na tangu siku hiyo hanitazami usoni.