Kiatu Kilichokataa Kuachia Pedali

Juzi nilikuwa sokoni Lodwar kwa fundi wa baiskeli, mama wa Kiturkana asiye na haraka, akinizibia pancha. Akafika afisa mmoja aliyehamishwa kutoka Nyeri, juu ya baiskeli mpya. Viatu vyake vilikuwa na chuma kwenye soli, vile vinavyojibana kwenye pedali ili mguu usiteleze.

Akasimama mbele yetu, akatabasamu, akavuta mguu juu. Haukutoka. Akavuta wa pili. Tukamtazama akilala mchangani polepole, baiskeli ikiwa bado imemshika.

"Ejok," fundi akamsalimia. "Umefika?"

"Nimefika, mama. Nitoe."

"Usivute juu. Peleka kisigino nje."

Mguu ukachomoka. Aliposimama, kile chuma kilimfanya atembee kama mbuzi juu ya vigae.

"Hii kiatu ni ya kuendesha tu," fundi akasema. "Tafuta ile chuma yake imeingia ndani ya raba, utembee kama watu. Na pedali nalegeza, isibane sana."

Wasomaji, mimi huendesha kwa ndala, na sijawahi kufundishwa kushuka. Lakini afisa alikuwa ameahidi wenzake kwamba kesho yake angeendesha nao baiskeli barabara ya Kakuma. Akashika nguzo, akajizoeza kubana na kuachia mpaka shati likalowa.

Hatimaye akaondoka. Kwenye njia panda akachomoa mguu wa kushoto vizuri kabisa, akageuka kutuonyesha, akaangukia kulia.

Fundi hakucheka. "Mguu moja ameshajua," akasema, akarudi kwa pancha yangu.