Mpaka Usio na Mto

Juzi fundi wangu aliishiwa grisi, akapaka mawese kwenye mhimili wa bembea ya kuzunguka. Jua lilipoyapasha, harufu ikapanda, ile harufu nzito yenye utamu na moshi kidogo, nami nikajikuta nimekaa juu ya mfuko wa saruji kama mzee. Nilikuwa nimechoka tangu asubuhi, lakini si kwa kazi. Kazi hainichoshi.

Niwaambie kabisa mimi ni nani, maana sioni haya kulisema. Mimi ni yule aliyeondoka kijijini kwetu Njisi na begi la kuazima akarudi na stashahada ya ufundi wa ujenzi. Hii bustani ya michezo ya watoto, kila nguzo yake nimeichora kwa mkono wangu. Sikuwa na mfadhili wala mjomba serikalini. Watoto wanavuka mto Songwe kutoka Malawi kuja kuteleza hapa. Sasa nataka kuipanua upande wa mikakao, na hapo ndipo wapenzi wa bustani yangu waliponichosha. Kwenye kundi letu la simu wamegawanyika. Wengine wanataka sehemu mpya ijengwe kwa mfano wa filamu inayopendwa sasa, majumba yake, magari yake, mashujaa wake ukutani. Wengine wanasema filamu hupita, bustani iwe na vitu vyake yenyewe. Wanarushiana maneno usiku na mchana, watu wazima, na baadhi yao hawana hata mtoto wa kumleta. Nimesoma mpaka macho yanauma. Na kinachonichosha zaidi ni kwamba hakuna hoja hata moja iliyo mpya kwangu. Zote nilizisikia nikiwa mdogo, juu ya lundo la majani ya mpunga.

Kwetu, mpunga ukishapigwa na magunia yakishabebwa, uwanja wa kupuria ulikuwa mali ya watoto. Wakubwa walituachia majani makavu yaliyorundikwa kama vilima, na sisi tuliyageuza kuwa mahali pa kuchezea. Tuliteleza juu ya magome ya migomba. Tulifunga kamba kwenye mti na kubembea. Na tulikuwa na gogo lililotobolewa katikati, likawekwa juu ya kisiki kilichochongwa ncha, likazunguka na watu wawili huku na wawili kule. Kisiki tulikipaka mawese na unga wa mkaa, kikalia kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. Msimamizi wa ujenzi nilikuwa mimi. Hata wakati ule, msinielewe vibaya, hakukuwa na mwingine wa kunifikia.

Mwaka mmoja mavuno yalikuwa mazuri, lundo likawa kubwa kuliko kawaida, ikabaki nafasi ya kujenga sehemu mpya. Ndipo vita vilipoanza.

Kule Kasumulu, karibu na mpaka, palikuwa na banda la video, kuta za matete na karatasi za nailoni, jenereta likinguruma nyuma. Filamu iliyotawala siku zile ilimhusu mpiganaji mwenye kofia ya chuma yenye kishungi kama cha jogoo, mtafsiri wa banda akampa jina Jogoo wa Chuma. Ilikuja ya kwanza, ikaja ya pili, wakasema ya tatu iko njiani. Ipyana, mtoto mwenzetu ambaye mama yake alikuwa mchuuzi wa kuvuka kwenda Karonga, Malawi, na kurudi, aliijua kuliko wote. Alitusimulia vita vyake huku akigonga sufuria bovu, na tulimsikiliza midomo wazi. Yeye ndiye aliyesema sehemu mpya iwe ya Jogoo wa Chuma.

Dada yangu Sekela, aliyekuwa mkali kuliko pilipili, alikataa palepale.

"Gwe Ipyana, na ya tatu ikija akafa humo, tufanye nini? Tubomoe?"

"Hafi. Jogoo hafi."

"Gogo letu linazunguka halina jina la mtu, na watoto wanapanga foleni. Tutengeneze kiboko. Kiboko tunamjua."

"Kiboko nani atatoka Talatala kuja kumwona? Kwao hawana mto?" alijibu Ipyana, akitaja kijiji cha jirani. "Wakisikia Jogoo wa Chuma yuko Njisi, watakuja mbio."

Mimi nilikuwa upande wa dada yangu, maana nilitaka mnara, na mnara haumhitaji jogoo. Tulibishana asubuhi tukienda kisimani, tukabishana tukifukuza ndege kwenye mpunga ulioanikwa, tukabishana hadi sauti zikakauka. Mwishowe Gwamaka, mkubwa wetu, akasema wanaotaka filamu wakae upande wa jua na wasiotaka wakae kivulini. Upande wa jua ukajaa. Sekela akatema mate chini, nami nikachukua panga kwenda kukata matete, kwa sababu hata upande wako ukishindwa lazima mtu ajenge, na mjenzi nilikuwa mimi.

Ipyana aliniongoza. Alifumba macho kwanza, kama anayekumbuka, kisha akasema: hapa kuna daraja refu. Hapa kuna mti wa kuzuia njia, unainuliwa na askari. Hapa kuna meza, na mtu mwenye muhuri anayeuliza maswali asiyotaka kujibiwa. Hapa watu wamesimama na mizigo kichwani, na Jogoo amejificha katikati ya magunia. Tulichimba mfereji, tukaujaza maji, tukalaza magogo juu yake. Watoto wa Talatala walikuja kweli. Walipigania kuwa askari na kupigania kuwa Jogoo, na wadogo walifurahia zaidi kuwa magunia. Hata Sekela alishika muhuri wa boga na kuwakatalia watu kupita, kwa furaha mbaya sana.

Hapa lazima niwaeleze jambo la kwetu. Watoto wa kiume wa rika moja hawakula kila mmoja kwao. Tulikula pamoja, nyumba hii leo, ile kesho, kwa zamu, sinia moja. Wazee wetu walilithamini hilo, kukaa na wa rika lako, kuliko ng'ombe. Na lilikuwa na sheria yake: anayewadanganya wenzake haketi nao kwenye sinia. Tuliwahi kumtoa mmoja, na alihamia kucheza na watoto wanaotambaa.

Jioni moja, tukikaribia saa ya kula, akaja Lusajo kutoka Kasumulu. Baba yake mdogo ndiye aliyekuwa na lile banda. Alizunguka daraja letu, akashika kiuno, akacheka mpaka akakaa chini.

"Hii ndiyo Jogoo wa Chuma? Mbona Jogoo anaishi jangwani! Mchanga mtupu. Hakuna mto, hakuna daraja, hakuna magunia. Nani kawaambia?"

Wote tukamtazama Ipyana. Midomo yake ilikuwa myeupe.

"Ulisema umeiona," alisema Gwamaka.

"Nimeisikia," Ipyana alijibu polepole. "Mlangoni hawaniruhusu. Nakaa nyuma, karibu na jenereta. Mtafsiri alisema amefika mpakani, wamemzuia. Nikasikia vyuma. Nikasikia watu wanalia." Akamgeukia Lusajo, na nakumbuka jinsi alivyouliza, bila hasira, kama anayetaka kujua kweli. "Mpaka gani hauna mto?"

Sisi tuliozaliwa kando ya Songwe tulijua mpaka ni maji. Ng'ambo ni wengine, huku ni sisi, katikati mto. Mmoja akasema, "Mpaka wa mchanga? Sasa unajuaje umeshavuka?" Mwingine akasema, "Ukipuliza upepo nchi inahama?" Vicheko vikahama, vikamwangukia Lusajo, akabaki anaapa kwamba aliona kwa macho yake.

Lakini Gwamaka hakucheka. Alisema Ipyana ametudanganya, na sheria ni sheria. Na jioni hiyo, kwa hesabu yetu, zamu ilikuwa ya kwao Ipyana. "Twendeni kwao tukale," alisema Gwamaka, "yeye akae nje atuangalie." Ipyana hakusogea. Mimi nilidhani ni aibu ya kutolewa mbele ya watoto wa Talatala.

Sekela wakati huo hakuwepo uwanjani. Sikujua alikokwenda, na sikujali.

Kisha tukasikia sauti ya mama kutoka kwetu. "Nyie! Wali unapoa!" Nikakasirika. Nikasema kwa sauti kwamba mama amekosea zamu tena, lakini si neno, kwetu mchele hauishi, twendeni. Nilijivuna hivyohivyo, mbele ya wote. Tulipofika, mama alikuwa amesimama mlangoni na birika la maji, Sekela nyuma yake bado akihema kwa mbio. Hakunitazama mimi wala Gwamaka. Alisema, "Ipyana, njoo wewe kwanza," akammiminia maji mikononi. Na kwetu, aliyenawishwa na mwenye nyumba ameshakuwa mgeni wake. Hakuna mtoto wa kumwondoa kwenye sinia. Gwamaka alilijua hilo. Akaketi. Ipyana alikula wali na usipa, dagaa wa ziwani kwetu, bila kuinua kichwa, kisha akashukuru, "Ndaga, mama," kwa sauti ndogo sana.

Yote haya niliyaona, na kwa miaka mingi niliyasimulia kama kichekesho cha mpaka wa mchanga. Nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima, niko mbali, nimesoma, nimejenga nyumba za watu wengine, ndipo jioni moja nilikaribishwa chakula na jirani siku ambayo sikuwa na kitu ndani. Nikiwa nanawa, mikono ikasimama. Nilijaribu kukumbuka siku hata moja tuliyokula kwao Ipyana. Sikuipata. Mama yake alikuwa ng'ambo karibu kila wiki, na jiko lao lilikuwa baridi. Zamu yao ilifika kama za wengine, na kila ilipofika, mama yangu "alikosea".

Nilipomuuliza mama niliporudi nyumbani, alikuwa anachambua mchele, hakuacha. "Nani alikosea?" alisema.

Sisi tulibishana kuhusu jogoo, kiboko na mnara. Ipyana peke yake alikuwa anabishania chakula cha jioni. Mtoto mwenye filamu ana nafasi kwenye sinia. Asiye na filamu wala jiko, ni nani atamsubiri? Nina stashahada, nina bustani, na ninaweza kuwachorea daraja lolote mtakalo. Wali ule nilidhani ni wa kwetu, nikawa najivunia. Ulikuwa wa zamu yao, ukipikwa kwenye jiko letu, na mwenye jiko hakutaka mtu yeyote ajue.